Keziah Kaegemea Ukuta

Jumanne saa nne asubuhi, Brenda Pilbeam, mfanya usafi wa jumba la makumbusho, alimpangusa vumbi mabegani yule mtumishi wa korido ya juu, kisha akapangusa saa ya ukutani. Mtumishi amesimama pale tangu enzi za mwenye nyumba, Ambrose Fairlie, mwanafalsafa aliyeandika kwamba kila mtu anastahili kutazamwa usoni. Zamani hizo bwana akikaribia, mtumishi hugeukia ukuta asionekane, mpaka apite. Huyu aligeuka, bwana akafia ngazini kabla hajafika. Basi, paji lake la uso liko ukutani mpaka leo.

Kila asikiapo funguo za wafanyakazi huuliza, "Bwana ameshapita?" Nao hujibu, "Bado." Ndiyo amri ya meneja, Giles, kwa sababu wageni wanamfuata mtumishi huyo. Vitabu vya Fairlie, tusidanganyane, nani anavisoma?

Siku hiyo alikuja Bibi Dorcas Snell wa kijiji cha jirani, miaka themanini na tisa, na mkongojo wake. Alingoja wageni wenzake washuke kunywa chai.

"Mwanangu, huyu ni Keziah. Dada yake nyanya yangu."

"Hatukujua jina lake, bibi," Brenda akasema. Miaka kumi na tisa anampangusa vumbi, hakuwahi hata kuuliza.

"Kwetu hakuna picha yake. Nyanya alikuwa akisema nimefanana naye chapa. Na moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Nataka nimwone uso mara moja tu." Akamgeukia mtumishi. "Keziah wee! Bwana alishakufa, geuka!"

Keziah hakutikisika. Neno la mgeni si neno. Yeye humwamini mwenye funguo tu.

Brenda akasogea, funguo zikalia kiunoni.

"Mama," Keziah akauliza, "bwana ameshapita?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini sauti ya Giles ilikuwa inapanda ngazi pamoja na wageni wa saa tano. Keziah akigeuka atashuka zake jikoni, korido itabaki na saa, na Brenda atabaki bila kazi. Dorcas alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya skafu ili aone vizuri.

"Bado," Brenda akasema. "Bado kidogo."

"Haya, mama. Nangoja."

Aibu ilimvaa Brenda, uso ukamwaka moto. Alikunja kitambaa cha vumbi, akakikunjua, akakikunja tena, mradi asimtazame yule bibi. Dorcas alivaa miwani. Akaiweka sawa kola ya Keziah, akaona baka dogo jeusi chini ya sikio, akagusa la kwake.

"Usijali, mwanangu. Kazi ni kazi. Hata Keziah angejibu hivyo hivyo."

Lo, heri angemtukana! Brenda alimshika mkono, wakateremka polepole, akamfungulia mlango. Dorcas akamshukuru kwa wema wake.