Karavani ya Kishor Inavuja

Mume wangu Kishor alinunua karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, na tangu Machi haijatoka hapa kwetu Harrow, eti paa linavuja. Kila Jumapili wenzake wa chama cha karavani huja kulitengeneza. Wanapaka gundi, wanajifungia ndani kwa baridi, wanachemsha sufuria nzima ya chai ya maziwa, kisha wanabishana huku matone yakiwadondokea.

Leo nilichoka. Nikaingia, nikafungua dirisha.

“Ni mvuke wa chai yenu!” nikafoka. “Paa ni zima!”

Baada ya dakika kumi, matone yalikoma. Wazee wakaitazama dari kavu kama waliofiwa.

Imran, fundi wao mkuu, akainuka, akafunga dirisha taratibu.

“Bado linavuja, shemeji,” akasema. “Tangawizi ipo?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaenda kuileta.