Chupa Ndani ya Soksi

Binti yangu alipoacha kuniomba soksi, nilijua kuna jambo.

Nieleze kwanza, maana watu wakisikia soksi na mvinyo hufikiria mabaya. Mwanangu ni mkemia. Kutwa yuko maabara akipima maji, na huko mashine ndizo zinazoonja na kunusa, yeye anasoma namba tu. Mapenzi yake yako kwingine. Tangu chuo anapenda kuonja mvinyo na kuandika alichokionja, na kwa miaka kadhaa gazeti la Jumapili lilikuwa likimpa safu. Alijiita Pua. Watu wanaopanga harusi walimsoma kwanza ndipo waende dukani. Halewi. Anauzungusha mvinyo kwenye glasi, ananusa, anasukutua, anautema kwenye ndoo ya plastiki, ambayo naiosha mimi kwa sababu jikoni ni kwangu.

Mimi sinywi. Kwangu mivinyo yote ni maji ya zabibu yaliyokasirika. Ndiyo maana nilimfaa. Kila Jumamosi asubuhi yeye alitoka jikoni, mimi nikachagua chupa mbili za rangi moja kutoka kwenye maboksi, nikazivika soksi ndefu za marehemu baba yake hadi shingoni, nikamimina glasi tatu. Glasi mbili zilikuwa na mvinyo mmoja, ya tatu ilikuwa na mwingine. Kisha nilimwita. Alinusa zote, akanionyesha ile iliyo tofauti, ambayo sisi tuliiita ya kando, na hapo ndipo alipokaa kuandika. Hakuwa anakosea.

"Nikiona karatasi ya chupa, macho yatanidanganya," alikuwa akisema. "Pua haijui kusoma, mama. Ndiyo maana naiamini."

Kisha akapata mafua mabaya, yale ya kulala na beseni kando ya kitanda. Alipopona akaanza kufungua chupa mwenyewe, bila soksi, chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Soksi zako zipo kwenye droo," nilimwambia.

"Nimebanwa, mama. Naonja haraka haraka tu."

"Kumimina namimina mimi. Wewe umebanwa na nini?"

"Mama, tafadhali."

Nasimamia stoo ya hospitali. Kazi yangu ni kutoliamini boksi mpaka nimelifungua. Mtu akiniambia ana haraka, mimi ndipo navuta kiti.

Wakati huohuo akaanza kuja Koti. Huyu ni mwagizaji wa mvinyo, na jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hata jua liwake vipi havui koti lake. Alikuwa akishusha maboksi sebuleni kwangu kama anayehamia.

"Mama mzaa chema! Hujambo?"

"Sijambo. Futa miguu."

"Na mtaalamu wetu? Pua ya taifa?"

Mwanangu alicheka. Mimi kilemba cha ukoka nakijua, sikucheka. Koti alikuwa na mpango wake: kila chupa ya mvinyo wake mwekundu ibandikwe karatasi ndogo ya dhahabu, *Chaguo la Pua*. Mwanangu angetia saini, jina lake likaenda madukani, kwenye meza za maharusi, kila mahali. Alilitaka hilo jambo. Nilimwona akijaribu saini yake pembeni mwa gazeti kama msichana wa shule.

"Onja na wewe basi," nilimwambia Koti siku ya kwanza, nikamsogezea glasi ya mvinyo wake mwenyewe.

"Naendesha, mama."

Mara ya pili daktari alikuwa amemkataza. Mara ya tatu alikuwa ametoka kupiga mswaki. Saa kumi jioni! Ningekuwa nauza mkate, ningeutafuna mbele yako uone makombo.

Halafu jikoni kwangu kukaanza kunuka.

Si uozo. Ilikuwa harufu ya boksi lililolowa, ya tambara lililosahaulika ndani ya ndoo. Nilitupa sponji. Nilimwaga maji ya moto kwenye sinki. Nilimwita fundi bomba, akafungua mabomba yote chini, akachungulia, akasema, "Mama, bomba lako safi kuliko sahani zangu." Katikati ya wiki harufu ikapotea. Jumamosi ikarudi.

"Huisikii?" nilimuuliza binti yangu.

"Naisikia. Kwa mbali. Labda bomba."

Alisema hivyo akiniangalia mimi, si sinki. Kama mtoto anayengoja uonyeshe kidole ndipo na yeye aonyeshe palepale. Machale yakanicheza, lakini nikamezea.

Jumapili nilikuwa naosha glasi zake huku gazeti liko wazi kando ya sinki. Alikuwa ameandika kuhusu mvinyo wa Koti: *Harufu ya matunda meusi yaliyoiva, na nyuma yake, kwa mbali, moshi wa kuni.* Mkononi nilikuwa na glasi yenye mabaki ya mvinyo huohuo. Nikaisogeza puani.

Tambara. Boksi lililolowa. Bomba langu halikuwa na kosa lolote, na fundi nilikuwa nimeshamsema vibaya kwa majirani.

Nilimfuata chumbani bila kubisha hodi.

"Amekupa nini yule mtu?"

"Nani?"

"Koti. Mvinyo wake unanuka kama stoo iliyovuja, na wewe umeandika matunda meusi. Amekupa nini? Gari? Ndoa?"

"Mama!"

"Ana mke?"

"Sijapewa chochote na mtu yeyote!"

"Basi njoo jikoni. Nakuvikia chupa soksi sasa hivi, tuone."

Uso ulimbadilika. "Sitaki kupimwa ndani ya nyumba yangu."

"Ya nani?"

"Nyumba yako! Haya, nyumba yako! Unadhani nimenunuliwa, mama? Mimi?"

"Nadhani kuna kitu unanificha. Hilo nalijua. Kwa nini, bado sijajua."

Akaanza kufunga mlango. Kabla haujafika mwisho aliuzuia, akauliza kwa sauti ya chini, "Inanuka vipi hasa?"

"Si umeinusa?"

Akafunga.

Nilibaki koridoni na taulo la vyombo begani. Mtu aliyekula rushwa angenitukana, au angelia. Angejua anachokificha kinanuka vipi. Huyu alikuwa anaulizia habari.

Jibu lilikuja Alhamisi, na halikuletwa na akili yangu. Nilikuwa nimebandika maharage. Yeye alikuwa meza ya jikoni na kompyuta yake, mgongo kwa jiko. Jirani akaniita getini kuhusu ukuta wake unaoegemea kwangu, na yule mama akishika ukuta hauachii. Tukabishana mpaka nikasikia harufu ya kuungua inatoka nyumbani kwangu, inapita uani, inatukuta pale getini.

"Wewe, unaunguza," jirani akasema.

Nikakimbia. Sufuria ilikuwa imekauka, maharage yameshika chini na kuwa meusi. Mwanangu alikuwa palepale, ningeweza kumgusa kwa mwiko, anachapa maneno yake kwa utulivu. Nilizima jiko, nikafungua dirisha moja, nikafungua la pili.

"Mama, mbona unafungua? Kuna baridi."

Kisha akageuka akaiona sufuria. Kisha akaniona mimi nikimwona.

"Tangu mafua?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Nilikaa. Hasira yote niliyokuwa nimeiandalia rushwa haikuwa na pa kwenda.

"Nilidhani itarudi wiki ijayo," akasema. "Ilipofika, nikasema ijayo. Ulimi unanipa uchachu, utamu, ule ukakasi. Basi. Juu ya hapo ni kama kusikiliza redio iliyozimwa. Lakini karatasi ya chupa inaniambia zabibu gani, mwaka gani, shamba gani. Nilijua inapaswa kunuka vipi. Nikaandika inavyopaswa."

"Umeandika insha."

"Nimeandika insha," akasema, na machozi yakamtoka. "Maabara wakigundua mashine imekufa na mtu anajaza namba kwa kukisia, wanamfukuza. Ningemfukuza mimi."

"Na Jumamosi unatia saini."

"Nikisema, nimekwisha, mama. Pua isiyonusa, nani ataisoma? Hiki kitu kimoja tu nilikuwa nakifanya bila mashine."

"Koti anajua?"

"Atajuaje? Hajui mtu."

Nikakumbuka gari, daktari na mswaki. "Yule anajua," nikasema. "Sijui kajuaje, lakini anajua."

"Mama, wewe kila mtu unamshuku. Hata fundi bomba ulimshuku."

"Fundi nitamwomba radhi. Jumamosi mimi nitaweka soksi mezani. Ukitaka utakaa, ukitaka utanipita uende kutia saini sebuleni. Sitasema neno."

Akaniangalia kwa kutoamini, na hakukosea. Kutosema neno si kazi ninayoiweza.

Jumamosi Koti alikuja na koti lake, bahasha, na kalamu nzuri. Nilimwita jikoni moja kwa moja. Mezani kulikuwa na glasi tatu na chupa mbili zimevaa kijivu.

"Na hizi, mama?"

"Soksi za marehemu mume wangu. Safi. Kaa."

Mwanangu alisimama mlangoni. Alitazama glasi, akatazama bahasha. Nilidhani atapita. Mkono wake ulikuwa kwenye fremu ya mlango, na ule mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaja akavuta kiti, akakaa akimkabili Koti.

"Anza wewe," akamwambia.

"Mimi? Leo tumbo linanisumbua, mtaalamu."

"Hutameza. Nusa tu."

Koti akacheka, akaniangalia kama ananiomba msaada. Nikamsogezea glasi. Akaiinua puani, akatabasamu, akaishusha. "Safi kabisa. Matunda meusi."

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Lile koti halikupanda wala kushuka. Alikuwa amebana pumzi kama mtu anayepita karibu na jalala.

Mwanangu naye alikuwa hatazami glasi. Alikuwa anatazama kifua cha Koti.

"Vuta," akasema.

"Nimevuta."

"Hujavuta. Vuta pumzi."

Ikabidi avute. Pua ikakunjamana kabla hajaizuia, akaiweka glasi chini haraka. Ya pili vilevile, na safari hii akajifanya anakohoa. Ya tatu aliinusa, mabega yakashuka, uso ukafunguka. Ile nilikuwa nimeinunua mwenyewe dukani.

"Ya kando ni hiyo ya tatu," mwanangu akasema. "Uso wako umenionyesha. Mimi mwenyewe nisingeiona, kwa sababu tangu nilipougua sinusi kitu chochote."

Nilimkazia macho Koti. Hakushtuka. Mtu akipewa habari mpya, hata nyusi husogea. Zake hazikusogea. Alichofanya ni kuusukuma mlango wa jikoni kwa mguu ukafungika.

"Mtaalamu, hayo maneno si ya kutoka humu ndani," akasema polepole. "Kwa faida yako."

"Ulijua," nikamwambia.

"Mama, mimi..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua tangu lini?"

Akajipangusa paji la uso. Koti hakulivua hata hapo. "Vizibo vya mzigo wote viliingia ukungu. Siku ile ya kwanza nilikuja kulichukua boksi nililokuwa nimemtumia aonje, na kuomba radhi. Nakaa tu, ananisomea alichoandika. Matunda meusi! Nikadhani ananitania. Nikaona hatanii. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungeomba radhi," nikasema. "Si ndicho kilichokuleta?"

Mwanangu alichukua bahasha mezani akamrudishia, haijafunguliwa. Mimi nilimfungulia mlango, nikamwonyesha na maboksi yake. Aliyabeba yote mwenyewe, moja moja, na sikumsaidia.

Jumapili iliyofuata safu yake ilikuwa fupi. Alisema hanusi, tangu lini hanusi, mvinyo gani alisifu bila kuunusa, na kwamba aliyeununua kwa neno lake aurudishe dukani. Mhariri alimshukuru, kisha safu akampa mtu mwingine. Wasomaji wengine waliandika maneno ambayo nisingeyaruhusu stoo kwangu. Aliyasoma yote. Nilimkataza, akayasoma.

Daktari wa pua hakuahidi kitu. Alimpa mazoezi: limau, karafuu, ua la waridi, kunusa asubuhi na jioni, hata kama haoni tofauti na hewa. Na Jumamosi tukarudi kwenye soksi, ila sasa haandiki. Ananusa, anaonyesha glasi, anakosea, tunaosha vyombo.

Juzi alionyesha ya katikati. Ilikuwa yenyewe. Nikataka kupiga vigelegele, akaninyamazisha kwa mkono.

"Moja kati ya tatu hata ukuta ungepata, mama. Mimina tena."

Nikamimina. Akapata tena. Nikamimina. Akapata.

Sasa hapo na mimi nikaanza kumtazama vizuri. Alikuwa ananusa, ndiyo, lakini kila akifika kwenye glasi macho yalikuwa yananyanyuka, yananigusa usoni, yanarudi. Nikamkumbuka Koti na ile pua iliyokunjamana. Mimi uso wangu haujawahi kuficha kitu, na huyu ameusoma tangu akiwa mgongoni.

"Unanusa glasi au unaninusa mimi?"

"Sijui," akasema. "Kweli, mama. Sijui."

Nikamtoa jikoni, nikamimina upya, nikamwita. Kisha nikageuza kiti changu, nikaukabili ukuta, mgongo kwake.

"Haya," nikamwambia. "Nusa sasa."