Chatu Wanaocheza

"Anakula, ananya, anazaa. Sasa ugonjwa uko wapi?"

Hayo ndiyo majibu ya mume wangu Garland kila anapoulizwa kuhusu chatu wake wa buibui. Wafugaji wenzake hapa Oklahoma wanajibu hivyo hivyo, utadhani walisoma darasa moja. Nimeyasikia mezani, kitandani, hata kwenye ngazi za kanisa, na yamenichosha.

Buibui ni jina la rangi tu. Chatu hao wana mistari myembamba myeusi juu ya dhahabu, na ni wazuri, sitadanganya. Ila rangi hiyo na ugonjwa wa kichwa ni ulimi na mate, havikai mbalimbali. Nyoka akichangamka, kichwa kinaanza kutikisika, shingo inajinyonga, mara kidevu kiko juu na hajui sakafu iko wapi. Wengine huwapata kidogo, wengine sana, na huwezi kuizalisha rangi ukaacha mtikisiko. Garland anajua. Wote wanajua. Ndiyo maana kwenye maonesho ya kuuzia nyoka huwatia watoto wa nyoka kwenye vikombe vya plastiki vyenye mfuniko, kila mmoja chake, na asubuhi hawawapashi joto. Nyoka mwenye baridi, aliyebanwa kikombeni, hutulia tuli. Mnunuzi huona rangi tu.

Mdogo wangu Verlene alifiwa na mumewe Loyd majira ya baridi. Moyo ulimsimama Loyd kwenye kiti chake, Verlene akiwa jikoni anapika maharage, na tangu siku hiyo mdogo wangu anaamini angetoka jikoni mapema kidogo mume angekuwa hai. Paka humpandisha pumu, mbwa anawaogopa. Garland akasema atamuuzia chatu wa kumliwaza, kwa bei ya ndugu.

"Mpe wa kawaida, wa kahawia," nilimwambia.

"Nitampa wa kahawia," akaniitikia, mdomo umejaa mkate.

Alimpa buibui. Nilikuja kulijua hilo mwezi wa tano, Verlene alipoingia sebuleni kwetu na sanduku mikononi, macho yamemvimba.

"Mchukueni kabla sijamuua," alisema. "Nikimpa panya anarusha kichwa pembeni, anagonga kioo. Anajipindua. Garland kaniambia nimemchoma na taa, joto limezidi. Nimepunguza, nimeongeza, wapi! Kila ninachokitunza mimi kinakufa."

Garland akamshika bega, sauti ya upole kama mchungaji msibani. "Usijilaumu sana, shemeji. Nyoka si wa kila mtu."

Nilifunua sanduku, nikaona ile mistari, na damu ikanichemka.

"Verlene, hukumchoma. Kazaliwa hivi. Wote wanazaliwa hivi!"

"Unanifariji tu, dada," akasema, huku akijifuta pua. "Mtaalamu ni Garland."

Na Garland, mtu niliyeolewa naye, akatazama viatu vyake.

Basi nikaamua mdogo wangu ajionee mwenyewe. Yalipofika maonesho ya kiangazi nilimwambia Verlene aje anisaidie mezani, akaja kavaa lile koti la kazi la Loyd, ambalo halivui hata jua likiwaka. Meza yetu ilikuwa katikati ya ukumbi, vikombe vimepangwa vizuri, kila nyoka kajikunja kama andazi. Yule wa Verlene alikuwa pale pembeni, Garland kamrudisha kundini kimyakimya. Garland alipokwenda kununua soseji, nikaanza kazi. Nilikuwa nimebeba taulo lenye chupa ya maji ya moto. Nikafungua vikombe, nikawatoa nyoka mmoja mmoja juu ya taulo, wakapata joto. Kisha nikapitisha panya mbele ya pua zao.

Wakaanza. Mmoja akatikisa kichwa kama mzee anayekataa dawa. Mwingine akajinyonga shingo mpaka tumbo likaelekea kwenye taa. Wa tatu alimrukia panya, akamkosa na kuuma hewa. Meza nzima ilikuwa mateso matupu, na mimi nikapaza sauti ili ukumbi usikie: "Tazameni mnachonunua! Ni ugonjwa wa kuzaliwa, na muuzaji anaujua!"

Verlene alikuwa kaziba mdomo kwa kiganja.

"Kumbe wote," akasema polepole. "Sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe," nikamwambia, na kwa kitambo kidogo nilifurahi kweli.

Watu walikuwa wamejaa. Nikangoja wakasirike. Jamaa mmoja mwenye kofia ya trekta akamsogelea mwenzake.

"Mcheki huyu! Anacheza dansi!"

"Huyo wa pembeni kalewa, bwana. Piga video, piga video!"

"Mama, huyu mcheza dansi bei gani?"

"Huyu haoni hata panya!" nikamfokea. "Anateseka!"

"Sasa si anakula?" akauliza.

Garland akatokea na soseji yake. Alitazama meza, akanitazama mimi, akatazama umati, na kabla sijafungua tena mdomo alikuwa keshajibu. "Anakula, ananya, anazaa! Karibuni, karibuni, msisukumane."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakufika Oklahoma. Hapa kibaya kilijiuza chenyewe, na aliyekinadi ni mimi. Kabla ya saa ya chakula nyoka wote walikuwa wameuzwa, isipokuwa wa Verlene, ambaye alimnyakua mikononi mwa yule wa kofia na kumtia ndani ya koti. "Huyu nilimlipia," akasema, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Tulirudi kwa gari moja. Garland alikuwa anapiga mluzi.

"Miaka yote nawaficha vikombeni," alisema, "kumbe watu wanataka waone! Mke wangu, mwakani mezani unakaa wewe."



"Garland," Verlene akaita kutoka kiti cha nyuma. "Uliniambia ni mimi."

Garland akapunguza redio. "Ah, shemeji, yale yalikuwa maneno ya biashara. Yameisha." Akamtazama kwenye kioo, akatabasamu. "Halafu huyo wako ni jike. Akikomaa mlete tumpandishe. Umeona wanavyogombaniwa."

Verlene alipandisha zipu ya koti la Loyd mpaka shingoni, nyoka akiwa ndani, akaweka mikono yote miwili juu ya kifua, na chini ya mikono yake lile koti likawa linatikisika.