Njia ya Kwenye Nyasi

Shemeji yangu hakuwa na gari. Hakuwa na sare, hakuwa na kibao barabarani, hakuwa na kadi ya kumwachia mtu mkononi, wala mashine ya kunguruma. Hakuwa na cheti. Zaidi ya yote hakuwa na maneno. Mke wangu, ambaye ni dada yake na ndiye aliyemlea, anasema alichelewa kuongea utotoni na tangu hapo hajaona sababu ya kufidia. Wateja walimwita Kimya.

Alichokuwa nacho ni mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma kwa mikono, ambayo visu vyake alivinoa kwa tupa kila asubuhi, reki moja, mkasi wa kusawazishia kingo, na magoti. Hakukata uwanja wa mtu kabla hajapiga magoti akazipapasa nyasi, kama mzazi anayemgusa mtoto paji la uso kuona kama ana homa.

Wapinzani wake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa na lori la kijani na vijana watano. Wakiingia saa tatu, saa nne wameshaondoka. Wa pili alibandika matangazo kwenye kila nguzo, mpaka ungedhani nguzo zimeota majani. Mmoja mmoja, wateja wa Kimya wakahamia huko. Akabaki na bustani tatu ndogo na chuo cha ufundi cha wasioona, ambacho uwanja wake mpana ndio uliokuwa ukimlisha. Chuo kikimtoka, angerudi kubeba magunia ghalani, na mgongo wake haukuwa tena mgongo wa magunia.

Ndipo chuo kikatangaza kwamba anayetaka kazi ya uwanja aandike barua, aitume kwa posta ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati ingesoma barua zote, kisha ipite kuutazama uwanja.

Kwenye barua, mimi si mtu wa kubahatisha. Nilianza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, natoka kazini na vumbi la saruji nyweleni, na katika somo la barua rasmi nilishika nafasi ya kwanza. Nikakaa mezani nikajaza kurasa mbili kwa niaba ya Kimya: vifaa vya kisasa, wafanyakazi wenye ari, huduma ya kiwango cha juu. Nikamsomea kwa sauti. Alisikiliza hadi nukta ya mwisho, akakuna kidevu.

“Shemeji, huyo jamaa ni nani? Maana hata mimi ningempa kazi.”

Mke wangu alicheka hadi akatua sufuria aliyokuwa ameshika. Mimi nilinuna, lakini niliona ana haki. Nikaamua kwenda chuoni mwenyewe, nikautazame uwanja, nipate jambo la kweli la kusifia.

Nilikwenda Jumanne, siku ambayo Kimya alikuwa hospitali kwa ajili ya mgongo. Nilichokiona kilinitia aibu. Nyasi zilikuwa na urefu wa vidole vinne uwanja mzima, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba uliokatwa chini kabisa. Ukanda huo ulianzia mlango wa bweni, ukapinda penye bomba, ukaishia mlango wa karakana ya vikapu. Uwanja ulifanana na kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi. Nikajisemea, maskini, mgongo umemshinda katikati ya kazi na anaona haya kusema. Na kamati iko njiani.

Mlinzi wa geti alinifahamu, akanifungulia stoo anamoweka Kimya vifaa vyake. Nikavua koti, nikaitoa ile mashine. Ilinichukua saa tatu na kupumzika mara nyingi nisizopenda kuzitaja, lakini nilipomaliza uwanja ulikuwa sawa kama shuka iliyopigwa pasi. Nikakaa kwenye ngazi, nafuta jasho, najisifu moyoni.

Kengele ikalia. Mwanamke wa makamo akatoka bwenini na fimbo yake nyeupe, nyuma yake wenzake sita, kila mmoja kamshika mwenzake bega. Akavua viatu, akakanyaga nyasi, akaenda hatua kumi bila wasiwasi. Kisha akasimama. Akapapasa kwa mguu kushoto, akapapasa kulia. Msafara wote ukagongana mgongoni kwake.

“Kimya,” akaita, “leo umetupeleka wapi?”

Nilinyanyuka nikamwambia kwamba si Kimya, ni mimi. Nikawaongoza hadi karakana, na njiani yule mwanamke akanieleza. Njia ya saruji inazunguka uwanja wote, na jua likiwaka inaunguza. Miaka mitatu iliyopita alimwuliza Kimya, kwa utani tu, kama hawezi kuwachorea njia ya mkato. Wiki iliyofuata njia ilikuwepo: nyayo zikiwa kwenye nyasi fupi uko sawa, zikigusa ndefu umepotea. Alikuwa akiijaribu mwenyewe, kafumba macho, hana viatu.

“Wewe ndiye shemeji mwandishi?” aliniuliza mlangoni. “Anatusimulia. Anasema hakuna anayeandika kama wewe.”

Afadhali angenipiga fimbo.

Nyumbani nilisema yote kabla sijaketi. Mke wangu akanigeukia. “Umesoma kote huko, Baba, na somo la kuuliza hukulifikia?” Kimya aliniuliza tu kama nilivikausha visu kabla ya kuirudisha mashine stoo. Nikamwambia nilivikausha. Akatikisa kichwa kuridhika. Tulijua wote wawili kwamba nyasi hazingerudi urefu wake kabla ya kamati kupita. Wangekuta uwanja uliolala sawa, kama ambavyo hata wale wa lori wangeufanya.

Usiku huo nilizichana zile kurasa mbili. Nikaandika moja, kwa jina langu. Nikaeleza kwamba palikuwa na njia, nani aliichora na kwa nini, na kwamba aliyeifuta ni mimi, kwa kujua mengi bila kuuliza. Sikuweka neno “kisasa” popote.

Asubuhi nilimsomea yule mwanamke wa karakana ya vikapu. Akaniomba nisubiri. Akarudi na karatasi nene ya nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, waliyoiandika wote saba. Niliigeuza juu chini. Tangu shule ya jioni, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza niliyoshika nisiweze kuisoma.

Posta tulikwenda wawili. Niliweka barua yangu kwenye bahasha kubwa, Kimya akaiweka ile ya nukta juu yake bila kuikunja, nukta zisibonyee, akalamba gundi, akaibana kingo kwa kidole gumba polepole, kama anavyosawazisha ukingo wa bustani. Karani akabandika stempu, akainua muhuri juu.

“Dada, samahani,” alisema Kimya, na mimi nikageuka kuhakikisha ni yeye. “Gonga pembeni, taratibu. Humo ndani kuna watu wanaongea.”

Karani akagonga pembeni, taratibu, akailaza bahasha juu ya nyingine zote.