Bosi Mpya wa Grupu

Antonia alikuwa fundi wa kompyuta wa hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ila aliishi Karatu mjini. Kompyuta kuu ya hoteli aliihudumia akiwa kwake, kupitia mtandao, mpaka meneja Julius aliporudi kutoka semina ya usalama Arusha. Julius akaagiza njia zote za mtandao zifungwe, wezi wasije wakapenya. Aliacha WhatsApp peke yake, maana bila hiyo asingeweza kutuma maua na maneno ya baraka kila asubuhi kwenye grupu la wafanyakazi.

Tangu hapo, kompyuta ikigoma, Antonia alipanda mlima kwenye ukungu, akasubiri kwenye geti la hifadhi pamoja na watalii, ili tu akabonyeze kitufe kimoja. Akachoka. Akaisajilia kompyuta laini ya simu yenye WhatsApp na kuiandikia programu ndogo: ujumbe ukiingia kwenye namba hiyo uchukuliwe kuwa amri, utekelezwe, majibu yarudi hukohuko. Alikusudia kuifunga isimsikilize mtu mwingine, akasema ataifanya kesho. Namba akaiita Mtambo Mkuu, akaihifadhi kwenye simu ya ofisi pia.

Julius alipoliona jina hilo kwenye simu ya ofisi, alidhani wamiliki wamemletea msimamizi. Akamuunga kwenye grupu, akatuma maua. Jibu likaja papo hapo: "Amri haitambuliki."

Julius akaomba radhi kwa heshima zote, akajibiwa vilevile. Nareyu wa mapokezi akawanong'oneza wenzake kwamba bosi huyu hapumziki, hata wakati wa misa anajibu. Kufika jioni Julius alikuwa amevaa tai, na choo cha wafanyakazi, kilichosubiri bomba tangu masika, kimetengenezwa.

Kesho yake mtunza bustani aliuliza kwenye grupu kama azime pampu. Julius akaandika, "Zima." Mtambo Mkuu akajibu, "Sawa, ninazima," na kompyuta ya hoteli ikazimika, wageni wakiwa wamejipanga mapokezi. Julius akampigia Antonia, akamwambia bosi amekasirika.

Antonia alipanda, akaiwasha, kisha akamfuata ofisini.

"Meneja, huyo si mtu. Ni kompyuta yako."

Julius aliinuka akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

Alikuwa ameshawaandikia wamiliki kwamba anashirikiana vizuri na msimamizi mpya, nao, bila kukumbuka nani kati yao kamwajiri, wakajibu wamefurahi. Antonia akamwomba basi afungue njia ya kawaida. Julius alikataa, usalama kwanza. Akamwagiza aifunge isipokee amri za mtu yeyote ila Antonia mwenyewe, lakini ibaki kwenye grupu, na ijibu kwa adabu kidogo.

Antonia hakujua acheke au aache kazi. Akaiwekea neno moja tu la kuwajibu wengine: "Nimeona."

Wiki iyo hiyo Nareyu aliandika kwenye grupu kuomba likizo. Mtambo Mkuu akajibu, "Nimeona." Nareyu akashukuru, akafunga begi, akaenda kwao Endulen. Julius alikaa mwenyewe mapokezi akigawa funguo, na hakuthubutu kumwita arudi.