Kikombe cha Kamati ya Theluji

Kanisani kwetu Burnsville mimi ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Theluji, na wajumbe wengine wote wa kamati hiyo ni mimi. Jumapili za baridi nilikuwa namwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye maegesho gunia baada ya gunia, mpaka lami inakuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa na theluji. Hakuna mama aliyeteleza tangu nichaguliwe. Nilijisifu kwa hilo hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Siku za wiki mimi ni mwanagenzi wa mazingira. Nafanya kazi katika ofisi inayotunza vijito, na ofisi hiyo hiyo inanilipia masomo ya shahada. Mwaka huu mtihani wangu ulikuwa mmoja: kutafuta chumvi inayoharibu kijito fulani inatoka wapi, kisha kuipunguza. Nikishindwa, ada inakatwa, nami narudi kwenye nyumba ya wazee kuinua watu vitandani. Mgongo wangu ulikuwa umeshaapa kwamba haurudi.

Msimamizi wangu ni Emérance, Mkongomani asiyecheka ovyo. Tulikifuata kijito kuelekea kilikotoka, nami nikitumbukiza kipimo kila baada ya hatua chache. Namba ya chumvi ilizidi kupanda. Nilikuwa na hakika wenye makosa ni waosha magari wa barabara kuu, kwa chumvi ya barabarani wanayoiosha kwenye magari, nikawasema njia nzima. Watu wa aina hiyo, nilimwambia Emérance, hawana habari na samaki.

Tukafika kwenye bomba. Tukapanda ukingo kulifuata, likatuleta kwenye maegesho ninayoyajua vizuri mno.

"Nani anamwangaka chumvi hapa?" Emérance aliuliza.

Nikakohoa. Nilikuwa bado natunga uongo kuhusu mwenye jengo, mlango wa kanisa ukafunguliwa. Alitoka Mama Njeri, kiongozi wa maombi ya Jumatano.

"Ni huyu Eliakim wetu," alisema kwa fahari. "Anamwaga hadi viatu vinapasuka. Hakuna mtu ame-slip huku."

Emérance aliniangalia. "Bon. Kwenye inatokea umeshapaona. Sasa ipunguze."

Waosha magari, popote mlipo, mnisamehe.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Nikaeleza kwamba chumvi ikishaingia majini haitoki, na kwamba tukiondoa theluji kwanza kwa koleo, kikombe hiki kinatosha njia nzima ya mlangoni. Watu walicheka wakidhani natania. Mama Njeri hakucheka.

"Hicho ni cha chai, Eliakim. Nikivunjika nyonga, hao samaki watakuja kuniona hospitali?"

Nikamwambia nitamshika mkono mwenyewe kutoka garini, kila Jumapili. Kwa kuwa nilisema mbele ya mchungaji, sikuwa na pa kutokea.

Basi nikawa nafika mapema na koleo. Mgongo uliokataa kuinua wazee sasa ulikuwa unainua theluji, tena bure.

Mwisho wa Februari Emérance alikuja kukagua. Namba ya kijito ilikuwa imeshuka, lakini alitaka kuona kazi kwa macho yake. Nikamshika Mama Njeri mkono kwa madaha, nikimfundisha kwa sauti ya kusikika mbali jinsi ya kukanyaga barafu: hatua fupi, nyayo nzima. Miguu yangu ikaniacha. Mama Njeri alibaki wima. Mimi nikalala chali mbele ya kanisa zima.

Shemasi Bravin alikuja mbio na gunia, akaanza kulifungua. Nyonga iliniuma sana, na kusema kweli nilitamani alimwage lote, samaki wajijue. Emérance alikuwa akinitazama, karatasi za mtihani kwapani.

"Rudisha gunia," Mama Njeri akamwambia Bravin. "Leta kikombe."

Emérance akatoa kalamu. Alitia sahihi ya kufaulu pale pale, kabla hajawaza kuniinua.