Joto la Watu Mia Mbili na Sita

1.

LIGI YA HOKI YA BARAFU, MSIMU WA KWANZA
KANUNI (sehemu ya kubandikwa mlangoni)

Kanuni ya 9. Timu mwenyeji ambayo mechi zake tatu zitashindikana kwa ubovu wa barafu itafutwa katika Ligi, na mikataba ya wachezaji na watumishi wake itakoma siku hiyo hiyo.

Kanuni ya 11. Kila ukumbi utakuwa na Mtunza Barafu, naye atashika bendera nyekundu. Akiona mahali pa hatari, ataiinua na mchezo utasimama. Atapewa dakika arobaini. Zikiisha kabla barafu haijashika, mechi itahesabiwa imeshindikana.

Kanuni ya 12. Barafu iwe nyeupe.

2.

Hiyo ya kumi na mbili ndiyo iliyomponza Muringo.

Kabla ya hapo hakuwa na doa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilinda baridi ya maua katika ghala moja kule Limuru, mawaridi yakisubiri ndege, yeye akisoma kipimajoto kila nusu saa kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Maua yakahamia kwingine. Ghala likabaki tupu. Ndipo wakaja watu wenye viatu vya visu, wakamwuliza kama anaweza kugandisha sakafu nzima.

Akasema anaweza.

Hakuwa na uhakika hata chembe.

3.

FOMU YA MAELEZO YA TUKIO

Mechi: ya pili ya msimu, Limuru. Timu mwenyeji: Sakitu.
Matokeo: Haikuchezwa.
Jina la mhusika: Muringo Karugu, Mtunza Barafu.
Chanzo: Unga.
Eleza zaidi: Kanuni inasema nyeupe. Sakafu yetu ni ya kijivu. Nilitia unga wa mahindi kilo ishirini na nne katika maji ya tabaka la kwanza.
Eleza zaidi: Maji ya kutengeneza barafu humwagwa yakiwa moto. Ndiyo huganda bila mapovu.
Eleza zaidi: Yalikuwa moto sana.
Eleza zaidi: Ulikuwa uji.
Nani alikuagiza? Hakuna. Nilipima mimi, nikakoroga mimi.

4.

(yaliyosikika kwenye foleni ya maji, wiki hiyo)

— Wanasema mlinda lango aliteleza akaja kukwama katikati, kama nzi.

— Na hakukuwa na sukari?

— Shika adabu wewe, mama wa watu analia.

— Halii. Nimempita sasa hivi. Anasugua.

5.

Alisugua siku nne. Akapaka sakafu yenyewe rangi nyeupe, akaiacha ikauke, akaanza upya: maji ya moto, tabaka jembamba kama karatasi, subira ya saa nzima, tabaka jingine. Tabaka thelathini na mbili. Lilipoganda la mwisho alivua kiatu akakanyaga kwa mguu mtupu, akaona raha mpaka akajishtukia akicheka peke yake.

Sakitu wakashinda mechi nne mfululizo juu ya barafu hiyo. Wachezaji kumi na wanne, wote wa kulipwa, wote walioacha kazi nyingine ili waje kuanguka hadharani. Nahodha wao, Otwori, alikuwa mlinda lango wa kandanda aliyestaafu kwa sababu ya magoti. Akasema barafuni magoti hayaulizwi chochote.

Kisha umeme ukakatika siku tatu.

6.

ONYO LA MWISHO

Kwa: Klabu ya Sakitu
Kutoka: Katibu wa Ligi

Mechi yenu ya saba imeshindikana. Hiyo ni ya pili. Tumearifiwa pia kwamba mtambo wenu mmoja wa baridi, kati ya miwili, umeungua umeme uliporudi. Mnakumbushwa Kanuni ya 9.

Mechi yenu ya mwisho ni dhidi ya Molo. Endapo nayo

7.

Muringo hakusoma zaidi. Alijua hiyo "endapo nayo" itafuatiwa na nini. Mwenye ghala alikwisha kumwambia kwamba kuna mtu anataka mahali pa kuwekea viazi.

Viazi!

8.

Asubuhi ya mechi Otwori alimkuta amepiga magoti mbele ya lango lake, shavu karibu liguse barafu.

"Mama, unaomba?"

"Naangalia."

"Na umeona nini?"

"Hapa mbele ya lango, upande wako wa kushoto. Bomba la chini halivuti sawasawa. Mtambo mmoja hautoshi kufika huku."

Otwori alitazama. Barafu ilikuwa barafu.

"Itashika?"

"Ukumbi ukiwa mtupu, itashika."

"Leo tiketi zimeisha."

"Najua, Otwori."

Akachuchumaa kando yake, magoti yakalia. Alisema taratibu, bila kumtazama: "Mama Muringo, watoto wangu wamehamia Limuru juzi. Nakuheshimu, wala sikufundishi kazi. Lakini leo ukiona kitu, usione."

Muringo alikasirika, na zaidi alimhurumia, kwa sababu hata yeye alikuwa amejiambia maneno hayo hayo njiani akija.

9.

Wewe unayesoma, hebu weka kiganja chako shavuni.

Umeona?

Hilo joto ndilo tatizo. Sasa lizidishe mara mia mbili na sita, uliweke ndani ya chumba kimoja, ulifanye lipige kelele.

10.

Vitu alivyokuwa navyo Muringo kwenye kiti chake kirefu pembeni:

kipimajoto
koleo
ndoo mbili za barafu iliyoparwa
chupa ya chai, haijaguswa
bendera

11.

(kipaza sauti cha ukumbini)

"Mabao mawili kwa mawili, mabibi na mabwana! Dakika kumi na moja zimebaki! Sakitu hawahitaji kushinda, wanahitaji tu kumaliza! Molo nao ndio hao, namba saba, Tanui, amekichukua kile kisahani cheusi, anakuja, huyu mtu anakimbia kama anadaiwa, anakuja upande wa lango la Otwori, kushoto, kushoto kabisa, hana mtu mbele ya"

12.

Muringo aliona maji.

Yalikuwa kidogo, upana wa sinia. Yaling'aa. Hakuna mwingine aliyeyaona kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akitazama sakafu. Kisu cha kiatu kikiingia pale kitazama na kubaki, na mwili wa Tanui utaendelea na safari bila mguu wake.

Aliyafikiria mambo matatu kwa pamoja. Viazi. Watoto wa Otwori. Mfupa.

Mkono ulikwisha kuinuka.

13.

Nyekundu.

14.

Filimbi. Kelele zikakatika. Tanui alisimama kwa kuparaza visu, hatua mbili kutoka pale. Akatazama chini, akaona alichokuwa anakiendea, akavua kofia yake ya chuma.

Otwori aliegemea lango lake na kumtazama Muringo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Mwamuzi, Bi Naserian, alikuwa mwanamke mfupi asiye na mzaha. Alibonyeza pale kwa kisigino. Kisigino kikazama.

"Dakika arobaini," alisema, na kuanza kuzihesabu.

15.

Dakika ya 1: Muringo anamwaga ndoo ya kwanza.
Dakika ya 4: ndoo ya pili. Anashindilia kwa koleo.
Dakika ya 7: imekuwa tope.
Dakika ya 8: kipimajoto cha ukumbini, nyuzi kumi na nne. Asubuhi kilisema sita.
Dakika ya 9: anageuka anawatazama watu.

16.

Katika msimu wote Muringo hakuwahi kukigusa kipaza sauti. Alikichukua kutoka kwa mtangazaji kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe. "Barafu haina ugonjwa. Ugonjwa ni nyinyi."

Minong'ono.

"Yaani, nisameheni. Mnapumua. Mnapiga makofi. Nyinyi ndio joto. Mtambo nilio nao unaweza kuishinda sakafu, hauwezi kuwashinda nyinyi. Mkikaa, mtaiona timu yenu ikifutwa. Mkitoka..." Aliutazama mlango. "Mkitoka hamtaona kitu. Ila itachezwa."

17.

(yaliyosikika, safu ya nyuma)

— Nimetoka Kiambu kuja kutazama ukuta?

— Nje kuna ukungu huo!

— Huyu si ndiye wa uji?

— Ndiye. Na si alisema mwenyewe kwamba ni yeye? Mwingine angemsingizia fundi.

— Haya, inuka basi.

18.

Wa kwanza kutoka alikuwa Wamaitha, muuza mayai ya kuchemsha, na beseni lake likifuka mvuke kichwani. "Kama ni joto," alisema, "nadhani mimi ndiye mshtakiwa wa kwanza." Watu wakacheka, na baada ya kucheka ikawa vigumu kubaki wamekaa. Wakatoka safu kwa safu, kwa utaratibu ambao hata kanisani hauonekani. Wachezaji nao wakatoka kungoja nje, Sakitu na Molo wamechanganyika. Mtu akazima taa.

Kukabaki giza la mchana, mtambo mmoja ukinguruma, na Bi Naserian na saa yake.

19.

Dakika ya 38, kisigino.

Kisigino tena, kwa nguvu.

"Imeshika," alisema Bi Naserian. "Kwa sasa."

20.

Kwa sasa. Muringo alilielewa neno hilo kuliko mtu yeyote. Watu wakirudi ndani, dakika tano hazipiti.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mlango wa ghala ulikuwa mpana wa kupitisha lori, na komeo lake lilivunjika tangu enzi za maua. Ukiachiwa hujifungua wenyewe na ukungu wa vuguvugu huingia. Lazima mtu ausukume kutoka nje, kwa mgongo, na namna ya kuusukuma bila kuupinda aliijua Muringo peke yake.

Basi nani atabaki na bendera?

Alimwendea Bi Chemutai, kocha wa Molo. Sakitu wakifutwa, Molo wangepanda nafasi moja. Wote wawili walilijua hilo.

"Ishike wewe, dada."

"Mimi?"

"Yule ni mchezaji wako aliyekuwa anapitia pale. Hutampeleka kwenye maji ili unipendeze. Na..." Sentensi yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi. "Na sidhani kama utaiinua bure."

Bi Chemutai aliichukua bendera na kuibana kwapani kama gazeti.

21.

TANGAZO (kwa mkaa, ubaoni, nje)

KENGELE = BAO
FILIMBI TATU NDEFU = BENDERA, MECHI IMEKUFA
HONI = IMEKWISHA SALAMA

22.

Watu mia mbili na sita wakitazama mlango.

Mlango ulikuwa wa bati na Muringo aliuegemea, nyayo zimechimba ardhini. Baridi ilipenya sweta, ikapenya blauzi, ikamfika uti wa mgongo. Aliifurahia. Mgongo wake ndio ulikuwa kipimajoto sasa: ukiendelea kuuma, ndani kuna barafu.

"Wanafanya nini?" mtu aliuliza.

"Wanacheza," alisema Muringo.

Krrr. Krrr. Visu. Pigo la gongo. Ukelele wa Otwori akiwapanga mabeki wake.

23.

Dakika tatu.

      Dakika nne.

(Wamaitha anagawa mayai. Hakuna anayemenya.)

            Dakika sita. Filimbi!

Moja.

Watu wote wakaacha kupumua, na laiti wangalifanya hivyo ndani, pasingekuwa na haja ya kutoka.

Moja tu. Fupi. Mtu ameotea.

"Mungu wangu," alisema mzee mmoja, akaketi kwenye majani yenye umande.

24.

Dakika ya tisa kengele ililia.

Bao.

La nani? Ukuta haukusema. Watu wa Limuru wakatazamana na wale watu ishirini na kitu waliokuja na basi kutoka Molo. Kila upande ulifungua mdomo ushangilie, ukasita, kwa sababu nani anataka kushangilia bao la mwenzake? Kisha mtu mmoja akashindwa kujizuia akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, pande zote mbili, wakishangilia kengele.

25.

Mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Muringo aliogopa: je, ni ganzi, au mlango umepoteza ubaridi? Alibandika kiganja nyuma yake kwenye bati.

Kikanata kwa baridi.

Machozi yalimtoka hapo, kabla ya honi. Aliyaacha yashuke.

26.

Honi.

27.

Sauti yake ilikuwa ndefu na mbaya, kama ng'ombe mwenye mafua, na Limuru nzima haijapata kusikia kitu kitamu kama hicho. Watu waliruka. Wamaitha alimkumbatia dereva wa basi la Molo asiyemjua. Mayai yalikanyagwa. Muringo hakuruka, aliteleza chini taratibu kwenye bati mpaka akakaa, mgongo bado mlangoni, akapumua pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu siku ya unga.

Imekwisha salama. Alilirudia mdomoni bila sauti. Hakuna viazi. Kesho asubuhi atakuja kazini.

"Mama, fungua basi!" walipiga kelele. "Nani amefunga? Fungua tujue!"

Ndani Otwori aligonga bati kwa gongo lake, mara tatu, karibu na sikio la Muringo. Hakuweza kujua kama lilikuwa gongo la mtu aliyeshinda au la mtu aliyeshindwa.

"Mama Muringo? Uko hapo?"

"Nipo."

"Umesikia?"

"Nimesikia honi."

Kicheko cha Otwori, kirefu, cha mtu aliyetua mzigo, na nyuma yake vicheko vingine, vya lafudhi ya Molo.

"Fungua, Mama, tutoke."

"Ngojeni," alisema Muringo, akifuta macho kwa upindo wa sweta. "Nyinyi mna joto. Nikifungua mtaniingizia ukungu. Tokeni barafuni kwanza, iacheni ipumzike, halafu nitafungua."